Lakiri ya Ottawa na Kofia ya Bi Exilda

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo darajani Jumamosi ile ya Julai, saa saba mchana, jua likichoma kama limetumwa, na ulimwona Bi Exilda Lafrenière akisimamishwa na mkaguzi wa jimbo, upande wetu wa Hull. Uliona mafuta meupe yakimchuruzika kutoka chini ya kofia, yakapita nyuma ya sikio, yakaingia kwenye kola. Uliona, kisha ukageuza uso na kuanza kuyatazama magogo yanayoelea mtoni kana kwamba hujawahi kuona gogo tangu uzaliwe. Na hukuwa peke yako. Nakumbuka hata rangi za tai zenu.

Haya. Kwa kuwa ulikuwa na shughuli na magogo, nitakusimulia ulichokosa.

“Bi Exilda,” alisema mkaguzi, Adélard Pitre, mtu mnene mwenye daftari dogo, “kofia yako inalia.”

“Ni jasho, Bwana Pitre.”

“Jasho jeupe?”

“Kila mtu na jasho lake. La kwako lina rangi gani?”

Watu walicheka, Pitre akacheka pia kidogo, halafu akakumbuka mshahara wake na kuivua ile kofia. Ndani mlikuwa na pakiti mbili za majarini kutoka Ottawa, au tuseme kilichobaki cha pakiti mbili. Akaandika. Alipomaliza kuandika hakuwa akicheka tena.

“Hii ni mara ya pili, mama. Ya tatu, leseni ya nyumba yako inafutwa. Siyo mimi, ni jimbo.”

Nyumba yenyewe unaijua, ile ya mbao yenye ngazi za nje, mtaa wa pili kutoka kiwandani. Bi Exilda ni mjane. Anawapangisha wasichana tisa na kuwalisha mara tatu kwa siku, na kwa bei ya siagi ya mwaka huu, 1951, wasichana hao wangekula mkate mkavu hadi Krismasi. Leseni ikifutwa, yeye hana nyumba na wao hawana meza. Shauri zima la hadithi hii ndilo hilo, hata nikicheka njiani.

Na sheria? Majaji wakubwa waliketi na majoho yao, wakaigawa majarini kama keki. Kuiingiza kutoka nje ya nchi ni shauri la serikali kuu, na serikali kuu inakataza. Kuitengeneza na kuiuza humu ndani ni shauri la kila jimbo. Ontario, ng’ambo ya daraja, kuliko na Ottawa makao ya serikali kuu, ikasema ruksa. Quebec yetu ikasema marufuku, kwa heshima ya ng’ombe. Kwa hiyo ukisimama katikati ya daraja ukiwa na kipande cha mkate kilichopakwa majarini, mguu wako mmoja ni wa raia mwema na wa pili ni wa mhalifu. Mkate hauna habari.

Kuna mtu mmoja hakuyatazama magogo siku ile. Aliegemea ukingo wa daraja, suti nyeupe ya kitani, akila viazi vya kukaanga kwenye karatasi. Jina lake Ovila Tranchemontagne. Mwaka wa nyuma alikuwa amewauzia wakulima wa Gatineau bima ya mvua ya mawe iliyokwisha kunyesha. Kabla ya hapo aliuza kengele kwa parokia isiyo na kanisa, nayo parokia ikamwandikia barua ya shukrani. Ninyi mliona mwanamke anaaibishwa. Ovila aliona serikali mbili zimesimama bega kwa bega bila kusalimiana, na katikati yao pana nafasi ya kuingiza mkono.

Akalamba chumvi vidoleni, akamfuata Bi Exilda hadi kwake, akavua kofia mlangoni.

“Mama, nasikia una chumba.”

“Napangisha wasichana.”

“Nitakaa kimya kama msichana. Tena mimi ni mtu wa serikali kuu, idara ya uingizaji bidhaa. Yaliyokupata darajani yameniumiza. Nadhani ninaweza kuilinda leseni yako.”

Alipewa chumba cha juu, chenye kufuli ya kuchekesha, inayofunguka ukiitikisa.

Jumatatu alikuwa dukani kwa Télesphore Gravelle. Huyu humjui? Unamjua sana. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya kuitetea siagi, anayesimama baada ya misa na kulia machozi kwa ajili ya mkulima wetu. Ndiye pia aliyempelekea Pitre majina ya wanawake wanaovuka daraja Jumamosi, la Bi Exilda likiwa la kwanza. Siagi ya mkulima wetu anainunua kwa bei ya mkulima wetu na kuiuza kwa bei ya Gravelle.

“Bwana Gravelle,” Ovila alianza, akiegemea kaunta, “nikuulize. Kati ya Ottawa na Quebec, nani mkubwa?”

“Inategemea nani anauliza.”

“Anauliza mtu mwenye karatasi.”

Gravelle aliitazama karatasi. Ilikuwa na nembo ya taji, nambari ndefu, na sahihi ya mtu aliyesaini kama anafukuza nzi. Akafunga mlango wa duka.

“Majarini ya Ontario ikivuka daraja,” Ovila alisema, sauti chini, “hiyo ni biashara ya ndani. Pitre anaikamata, na sawa kabisa. Lakini majarini ya Denmark, ikiingia nchini kwa ruhusa maalumu ya serikali kuu, chini ya lakiri ya forodha iliyogongwa kwenye kifuniko, hiyo ni uingizaji. Jimbo haliwezi kuigusa hata kwa ukucha mpaka lakiri ivunjwe.”

“Na ikivunjwa?”

“Papo hapo inageuka biashara ya ndani, na wewe unageuka mfungwa. Kwa hiyo masanduku yatakaa siku kumi kwenye ghala la forodha mpaka karatasi ya pili ije. Ukishaipata, fungua, paka, uza, imba.”

“Siku kumi! Kwa nini kumi?”

“Ni Ottawa, mzee wangu. Ulishaona wapi Ottawa ikamaliza jambo kwa siku tisa?”

Hapo Gravelle akasadiki. Hull nzima ingesadiki. Nusu ya mji huu inaishi kwa karatasi za ng’ambo ya mto, na mtu aliyezaliwa hapa akiona taji juu ya karatasi mikono yake hutoka mifukoni yenyewe. Kichwani mwake Gravelle alikuwa tayari anaikanda ile majarini kwa rangi ya njano na kuifunga kwa karatasi ya siagi ya mkulima wetu, bei ileile. Alitaka kitu kimoja tu.

“Niione kwanza.”

“Ndiyo maana nakuheshimu,” alisema Ovila.

Akaonyeshwa huko Ottawa, nyuma ya soko, masanduku thelathini ya mbao yenye neno COPENHAGEN ubavuni. Rangi ya neno hilo ilikuwa bado mbichi. Majarini yenyewe ilikuwa ya kweli, imenunuliwa kwa malipo ya awali aliyoyatoa Gravelle ili aonyeshwe mali, kwenye duka lililo hatua mia nne kutoka darajani. Gravelle alichagua sanduku mwenyewe, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

“Hii ni Denmark,” alisema. “Inaonekana wazi. Ya Ontario ina ladha ya sabuni.”

Akatoa bahasha nene, na Ovila akaipokea kwa huzuni, kama anayepokea rambirambi. Kisha akapiga lakiri kwenye vifuniko. Madini yake ya risasi yalitoka kwenye vyuma vya kuzamishia ndoano za kuvulia samaki, na taji lilitoka kwenye kifungo cha koti la tarishi mstaafu.

Lori lilivuka daraja mchana kweupe. Pitre alilisimamisha.

“Kuna nini humo?”

“Uingizaji,” alijibu Ovila, akamwonyesha lakiri.

Pitre aliikodolea macho. Tangu aanze kazi alikuwa amepekua mabegi, soksi, vigari vya watoto, na mara moja kinanda cha mkono. Taji hakuwahi kulipekua. Akagusa ukingo wa kofia yake na kurudi nyuma hatua mbili.

“Pita, bwana.”

Umeona? Mwanamke mwenye pakiti mbili anavuliwa kofia. Mwanamume mwenye masanduku thelathini anapigiwa saluti.

Ghala la forodha lilikuwa stoo ya chini ya nyumba ya Bi Exilda, yenye ubao mpya mlangoni: MALI YA SERIKALI KUU. Kwa kodi ya stoo Ovila alimpa barua. Barua ilisema kwamba Bi Exilda Lafrenière ni mlinzi wa mali ya uingizaji, na kwamba hakuna mkaguzi wa jimbo anayeweza kuigusa leseni yake.

“Ila usivunje lakiri, mama,” alimwonya. “Ikivunjika tu, mali inakuwa ya jimbo, na leseni yako inakwenda nayo.”

“Sitavunja lakiri,” alisema Bi Exilda. “Naapa.”

Mpango wa Ovila sasa unauona. Siku ya tisa angepakia masanduku, awaage wote kwa adabu, aiuze majarini kwa magendo Montreal, na bahasha ya Gravelle aende nayo hukohuko. Bahasha yenyewe hakuiacha chumbani, kwa sababu ya ile kufuli. Aliiweka ndani ya sanduku namba moja, katikati ya majarini, akapiga lakiri upya. Barabarani mkaguzi angeweza kumvua hata viatu, lakini taji nani angeligusa? Maskini Ovila. Alikuwa ameusema uongo wake mara nyingi mpaka ukamwingia mwenyewe.

Siku ya nne, saa ya chakula cha jioni, Bi Exilda aliileta barua mezani ili wasichana wafurahi pamoja naye. Akampa Fleurette Hotte aisome. Fleurette ni mpiga chapa katika ofisi ya serikali kuu ng’ambo, miaka sita sasa. Alisoma mistari mitatu akaiweka chini kando ya sahani.

“Mama, hii ni ya uongo.”

“Umejuaje? Muhuri?”

“Muhuri ni mzuri kuliko wetu.” Fleurette alijaribu kujizuia, akashindwa, akaanza kucheka. “Mama, imeandikwa Kifaransa!”

Meza nzima ikalipuka. Msichana mmoja alipaliwa na supu.

“Tena Kifaransa kizuri,” Fleurette aliendelea, akifuta machozi. “Ina ‘tafadhali’ mbili! Pale ofisini kwetu ni Kiingereza tu; hata paroko wa hapa Hull, anayejua Kifaransa peke yake, tunamwandikia Kiingereza. Nikipiga chapa neno moja la Kifaransa bosi anauliza kama naumwa.”

Bi Exilda hakucheka. Alikuwa anaitazama barua aliyoilalia siku nne chini ya mto.

“Kwa hiyo leseni yangu inalindwa na karatasi ya kufungia samaki.”

Kicheko kikaisha. Fleurette akamshika mkono.

“Tumpeleke polisi, Mama?”

“Tukampeleke na stoo imejaa majarini? Hiyo ndiyo mara ya tatu yangu.” Akasimama. “Jumapili anakwenda misa kuu, si ndiyo? Anapenda kukaa kiti cha mbele Gravelle amwone. Sisi tutakwenda misa ya alfajiri.”

“Lakini, Mama, uliapa hutavunja lakiri.”

“Na sitavunja. Marehemu mume wangu aligongea masanduku misumari miaka kumi na tisa kiwandani pale, mpaka mapafu yakamwisha. Lakiri iko wapi?”

“Kwenye kifuniko.”

“Basi serikali kuu iko juu. Sisi tutapitia chini. Kitako cha sanduku kina misumari minne tu.”

Jumapili saa nne asubuhi, kwaya ikiimba kanisani na Ovila akiwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kupendeza, wanawake kumi waliyalaza masanduku thelathini kifudifudi. Walitoa majarini, wakajaza mchanga wa mtoni na maranda ya mbao. Bi Exilda alipima kila sanduku kwa mizani ya mumewe lisizidi wala kupungua. Misumari ilirudi kwenye matundu yaleyale. Majarini ilitoka ndani ya vikapu vya nguo za kufua, ikaingia jikoni arobaini za mtaa ule kabla ya baraka ya mwisho. Jikoni mojawapo ilikuwa ya mke wa Pitre, aliyepokea mzigo wake bila kuuliza na kufunga mlango bila kuaga.

Katika sanduku namba moja walikuta bahasha. Bi Exilda aliitazama, akatoa ile barua nzuri kifuani mwake, akaongeza maneno chini yake kwa penseli, akaiweka barua pale bahasha ilipokuwa.

Siku ya tisa Ovila alileta lori.

“Nayapeleka kugongwa muhuri wa pili, mama. Narudi kesho.”

“Nenda salama, Bwana Ovila. Kagua lakiri zako kwanza.”

Akazikagua moja moja. Zote thelathini zilikuwa nzima.

“Wewe ni mwanamke mwaminifu,” alimwambia, na sauti yake ilitetemeka kidogo, nadhani kwa dhati.

“Nilikuapia,” alisema Bi Exilda, akamsaidia kupakia.

Siku ya kumi na moja Gravelle hakuweza kungoja tena. Alishuka stoo, akakuta ubao wa serikali kuu na panya mmoja. Akapanda jikoni akihema. Mezani palikuwa na mkate, na juu ya mkate kitu cha njano, kinene, cha kung’aa. Alikimbia, na baada ya robo saa alirudi na Pitre.

“Kamata!” alipiga kelele. “Mara ya tatu! Itazame mikono yao!”

Maana mkaguzi wa jimbo hutazama viganja. Majarini inauzwa nyeupe pamoja na kidonge cha rangi, na mama anayeikanda kwa mikono hubaki na njano kwenye viganja kwa siku mbili.

Pitre akatazama. Wasichana tisa na Bi Exilda walikuwa wamezunguka beseni kubwa, mikono yao njano hadi viwiko. Jikoni nzima ilinukia siki.

“Achari ya haradali,” alisema Bi Exilda. “Matango, vitunguu, manjano. Ni Agosti, bwana mkaguzi. Jimbo limekataza na achari?”

“Na mkate ule?” Gravelle alifoka. “Ile ni majarini! Majarini yangu!”

Tango moja lilidondoka sakafuni.

“Yako?” aliuliza Pitre polepole. “Mwenyekiti wa kamati ya siagi ana majarini?”

“Nimesema... masanduku yangu. Masanduku yangu yalikuwa chini humu.”

“Masanduku ya nini?”

Gravelle alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Alikuwa kama samaki anayesali.

“Ya sabuni,” alisema hatimaye.

“Sabuni ya Denmark?” aliuliza Fleurette kwa upole, maana Ovila alikuwa amewasimulia mezani habari za kile kidole cha Gravelle. “Ile isiyo na ladha ya Ontario?”

Pitre aliuchukua mkate, akaumega, akatafuna. Akatafuna muda mrefu, macho kwenye dari. Ladha ile aliijua. Alikuwa anaila nyumbani kwake tangu Jumatatu, na mkewe alimwambia ni siagi ya shangazi.

“Siagi nzuri,” alisema, akafunga daftari. “Ya shangazi.”

Siku hiyohiyo, Montreal, mtu wa suti nyeupe alibandua lakiri ya sanduku namba moja mbele ya mnunuzi mwenye haraka na walinzi wawili wenye haraka zaidi. Akaingiza mkono kutafuta bahasha. Ulitoka mchanga, ukafuata mchanga, ikafuata barua yenye taji. Chini yake kwa penseli iliandikwa: “Asante kwa Kifaransa. Ottawa haijawahi kutuandikia vizuri hivi.” Wanasema alicheka kabla hajaanza kukimbia. Wanasema pia kwamba suti haikumfuata yote. Sasa yuko Trois-Rivières, na kama kuna mtu huko anakuuzia nafasi ya kwanza peponi, muulize habari za masanduku yake.

Bahasha ya Gravelle iligeuka makaa ya mawe ya majira ya baridi kwa jikoni arobaini, na kofia moja mpya yenye utepe wa bluu.

Ungependa niishie hapo, sivyo? Ucheke, ukunje karatasi, urudi kwenye magogo yako. Hapana. Gravelle hakuaibika, watu kama yeye hawaaibiki. Amepeleka hati ya kupinga leseni ya Bi Exilda, eti nyumba yake inanuka siki na ina wageni wasiojulikana. Shauri linasikilizwa ukumbi wa mji, Jumatatu tarehe kumi Septemba, saa tatu asubuhi, na viti vya wasikilizaji ni thelathini. Gravelle amekwisha kuwaambia jamaa zake wafike mapema. Pitre hawezi kusema lolote, ana kazi ya kulinda. Mabwana wa Ottawa watasema ni shauri la jimbo. Mabwana wa Quebec watasema wanamlinda mkulima. Na wewe uliyekula mkate ule, maana jikoni yako ni moja ya zile arobaini na vikapu nilivihesabu, utasema nini?

Usiniambie utafikiria. Leo pita kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, uwaambie nao waje. Jumatatu saa mbili uwe mlangoni pa ukumbi na kipande cha mkate kilichopakwa njano, ukile mbele yao, wakuone, wajue kosa lake ni letu sote. Mabwana wakiuliza ni siagi au majarini, waambie waje kwako wanuse.

Inuka sasa. Vaa kofia. Safari hii usifiche kitu chini yake.